Kaka wa Tabata, Subaru Yake na Modi Zilizokula Hela ya Kiwanja

Litupe swali hili kwenye grupu lolote la WhatsApp la wapenda ndinga, halafu weka simu pembeni ukaoge: gari ya spoti inahitaji modi za kuendeshea, au ni mapambo tu? Ukirudi utakuta meseji mia na watu wawili wameshajitoa kwenye grupu. Wengi wanaobishana humo hata gari yenyewe hawana, na hilo nalo si kosa, kubishana ni bure.

Ila Tabata kuna kaka mmoja ambaye swali hili lilimgharimu hela halisi. Kidogo limgharimu na mchumba.

Huyu kaka alikuwa na Altezza RS200 ya gia za mkono. Injini lita 2.0, farasi 210, gia sita. Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo ya kwake ilikuwa imekula chumvi, lakini ilikuwa inapiga kazi. Ndani hakuna kitufe cha modi hata kimoja. Ukikanyaga mafuta inakwenda, ukiachia inatulia. Aliijua kiasi kwamba alikuwa anabadilisha gia huku anachambua mpira wa Jumamosi na hakosei.

Sasa moyo wa binadamu. Pale anapooshea gari, Segerea, alikuja jamaa na Subaru Impreza WRX STI, ile ya mwaka 2008 isiyo na buti la nyuma, farasi 308. Jamaa akafungua mlango, akamwonyesha kirungu katikati ya viti. "Hii unaibonyeza, gari inakuwa mpole. Unaizungusha huku, inachangamka. Unaizungusha kule, inakuwa mnyama." Kaka wa watu hakulala siku hiyo.

Altezza ikauzwa. Haikutosha. Pale ndipo ilipoguswa ile akaunti nyingine, ya kiwanja cha Kigamboni, aliyokuwa anaweka pamoja na mchumba wake. Mchumba ni dada wa Iringa, mhasibu, mtu wa daftari. Hakupiga kelele. Alikubali kaka achukue sehemu yake aliyoweka mwenyewe, kiwanja kikasogezwa mwaka mmoja mbele. Siku gari ilipofika aliizunguka mara moja akauliza:

"Kwa hiyo hii inaizidi nini ile?"

"Hii ina modi, babe."

"Modi za nini?"

"Za kuendeshea."

"Kwani ile ulikuwa unaisukuma?"

Swali lilikuwa la utani, lakini ndilo swali lenyewe. Na uzuri wa ile STI ni kwamba ina kila aina ya jibu humo ndani, kwa sababu haina mfumo mmoja wa kuchagua. Ina mitatu, na kila mmoja unafanya kazi yake.

Wa kwanza ni huo wa kirungu, Subaru wanauita SI-Drive. Kuna I, kuna S, kuna S#. Huu unacheza na namna injini inavyoitikia mguu wako. Wa pili ni wa difu ya katikati, DCCD. Huo unaamua difu ibane kiasi gani kati ya tairi za mbele na za nyuma. Unaweza kuiachia gari iamue yenyewe, au ukaamua mwenyewe kwa kiswichi. Wa tatu ni VDC, ule unaoizuia gari isiteleze ikakugeukia. Nao una hatua tatu: uko kamili, umelegezwa, au umezimwa.

Wiki za kwanza kaka aliishi kwenye S#. Foleni ya Ubungo, S#. Kwenda kununua chipsi, S#. Kupeleka nguo kwa dobi, S#. Gari ilikuwa inarukaruka kwenye foleni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na kituo cha mafuta kilianza kumfahamu kwa jina. Lakini alikuwa na raha yake. Kila aliyepewa lifti alionyeshwa kirungu.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana watu wengi hawajui hicho kirungu kinafanya nini hasa. Zamani, kati ya mguu wa dereva na injini kulikuwa na waya. Unakanyaga, waya unavuta, mlango wa hewa kwenye injini unafunguka kwa kiasi kile kile ulichokanyaga. Kwenye gari za sasa waya haupo. Chini ya pedali kuna sensa, na mguu wako unapeleka ombi tu kwa kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua ifungue kiasi gani. Modi za injini zilizaliwa hapo. Ukiwa kwenye S ukakanyaga robo, unapewa kama robo. Ukiwa kwenye S# ukakanyaga robo ile ile, unapewa zaidi. Kwenye I unapewa pungufu, na nguvu yenyewe inabanwa.

Sasa sikia hii. Ukiwa kwenye S ukakanyaga mpaka chini, na ukiwa kwenye S# ukakanyaga mpaka chini, farasi ni wale wale 308. Hakuna farasi wa ziada waliofichwa nyuma ya kirungu. Kilichobadilika ni kwamba wale farasi wanatoka zizini mapema. Ukitaka S# ndani ya S, kanyaga zaidi. Mguu wako unaweza kuifanya kazi hiyo bure kabisa.

Kaka hakutaka kusikia habari hizi mpaka siku ya Mwenge.

Ilikuwa jioni, mvua imetoka kukatika. Ndani ya gari yupo yeye na shemeji yake, kaka mdogo wa mchumba, kijana wa chuo. Kaka akapaki pembeni karibu na duka la dawa, akashuka mara moja, injini inaunguruma, kirungu kiko S# kama kawaida yake. Nyuma zikaanza honi. Akapaza sauti kutokea mlangoni mwa duka: "Shem, isogeze kidogo mbele!"

Shem alikuwa ameshaiendesha ile gari mara mbili nyumbani, uani, ikiwa kwenye I. Alikuwa anakumbuka mguu wake ulifika wapi siku zile. Akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta pale pale anapopakumbuka, akaachia klachi. Gari ikaruka. Mbele kulikuwa na bajaji, na ndani ya bajaji mama mmoja na mtoto wake mapajani.

Alikanyaga breki, tena kwa nguvu. Ikagusa. Bampa la nyuma la bajaji likaingia ndani, taa ikavunjika, mtoto akaanza kulia kwa kushtuka. Hakuumia mtu. Lakini yule mama alishuka anatetemeka, akamkagua mtoto kichwa, mikono, miguu, akarudia tena kichwa. Dereva wa bajaji, ambaye kwa haki alikuwa na ruhusa ya kutukana, hakutukana. Alimwangalia tu shem akauliza: "Mdogo wangu, hujui gari?"

Anajua. Hilo ndilo lililomuuma. Anajua kuendesha vizuri tu. Ila gari aliyoijua haikuwa ile iliyokuwa chini yake dakika ile, japo ni bati lile lile, kiti kile kile na pedali ile ile.

Laki mbili na nusu zikalipwa pale pale, na nauli ya yule mama. Usiku mchumba akapiga simu. Alikuwa ameshasimuliwa na mdogo wake. Alisema jambo moja ambalo magrupu yote ya WhatsApp hayajawahi kulisema kwa ufupi namna hiyo: "Kama mguu ule ule, pedali ile ile, leo inajibu hivi na kesho vile, mtu ataizoea lini?"

Na kama ukifikiria, gari ya spoti inanunuliwa kwa ajili ya kuizoea. Gari ya kawaida ikikufikisha kazini inatosha. Ya spoti unataka iwe kama mkono wako, ujue ukifanya hivi itajibu vile. Ndiyo maana Mazda MX-5 ya sasa, ile ya gia za mkono, haina modi za injini za kuchagua, na hakuna anayeibeza kwa hilo. Waliitengeneza wakaipima, wakaamua pedali ijibu namna moja. Dereva anajifunza mara moja, basi.

Mpaka hapo unaweza kusema kesi imeisha, modi ni uhuni wa wauza magari. Kaka mwenyewe alikuwa ameshafika huko. Alikirudisha kirungu kwenye S akakiacha. Lakini mwezi uliofuata kulikuwa na safari ya Iringa kujitambulisha ukweni, na Iringa ilimgeuza tena.

Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190, na kwa mwenye akili timamu hiyo ni safari ya kuhesabu vibao vya 50 na kuwaza tochi iko kwenye kichaka gani. Huko S# haina cha kukufanyia. Mikumi matuta. Halafu ukafika Kitonga.

Aliyepita Kitonga anaijua. Ni mlima, ni kona zinazojikunja, ni malori yanayopanda pole pole kama yanamsindikiza bibi harusi. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye kona moja kuna lori lilikuwa limemwaga dizeli. Dizeli na maji ya mvua juu ya lami ni kama sabuni. Kaka hakuiona. Akiwa katikati ya kona, nyuma ya gari ikaanza kuondoka kwenda pembeni. Kitaa cha VDC kikamemeta mara mbili tatu, gari ikajinyoosha, ikaendelea na safari. Mchumba aliyekuwa anasinzia alifumbua macho akauliza kuna nini. Kaka akasema hakuna kitu. Mikono yake ilikuwa imelowa.

Pale kompyuta ilifanya jambo ambalo hakuna mguu wa dereva duniani unaoweza. Dereva ana pedali moja ya breki kwa tairi nne. Akiibana, zinabanwa zote. VDC inaweza kubana tairi moja peke yake, ile tu inayohitajika, na wakati huo huo ikapunguza nguvu ya injini, tena kabla dereva hajamaliza kushtuka. Kwa hiyo ule mfumo wa tatu, ambao kaka alikuwa hauongelei hata kidogo kwa watu anaowapa lifti, ndio uliowafikisha ukweni wakiwa wazima. Na ni mfumo ambao una kitufe cha kuuzima! Kitufe hicho kina kazi yake kwenye uwanja wa mashindano, au gari ikikwama kwenye tope na unataka tairi zizunguke. Kitonga kwenye mvua, kiache.

Difu nayo ni hivyo hivyo. Hakuna namna ya kukanyaga pedali ukaiambia gari ibadilishe mgawo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Toyota GR Yaris, ile ya kwanza iliyotoka 2020, ilikupa uchague: kawaida ilipeleka 60 mbele na 40 nyuma, kwenye spoti 30 kwa 70, na ya uwanjani 50 kwa 50. Ukibadilisha hapo, gari inakata kona kwa tabia nyingine kweli, siyo kelele. Kwa dereva wa Kinondoni anayeishia kwenye mzunguko wa barabara labda haina faida kubwa, lakini angalau ni kitu ambacho mguu hauwezi kukiiga.

Ukweni mapokezi yalikuwa mazuri, kamwene kamwene nyingi, ugali wa moto. Asubuhi ya pili mama mkwe mtarajiwa, ambaye ana tatizo la mgongo la muda mrefu, alikuwa na miadi hospitali mjini. Kaka akajitolea kumpeleka, tena kwa unyenyekevu wote wa mkwe mpya. Mama akakaa mbele.

Ile barabara ya kutoka kijijini ni ya vumbi, ina makorongo na mawe. STI ina spring ngumu na shokapu ngumu, na hizo hazina modi. Zimekazwa kiwandani kwa ajili ya kona za kasi. Kila shimo lilipita moja kwa moja kwenye kiti. Mama hakusema neno. Alishika ule mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akafumba macho, na kila tuta likipita anavuta pumzi kwa ndani. Kaka anaendesha mwendo wa kobe, jasho linamtoka, huku nyuma mchumba amekaa mbele kabisa ya kiti anamwangalia mama yake.

"Kitufe cha kulainisha kiko wapi?" mchumba akauliza kwa sauti ya chini.

Hakipo. Gari ina vitufe vya difu, vya injini, vya kuteleza, lakini kile kimoja kilichohitajika asubuhi ile hakipo.

Walifika. Mama akahudumiwa. Walipotoka, akamshika kaka mkono akamwambia kwa upole: "Mwanangu, gari yako ni nzuri sana. Kurudi nitapanda Noah."

Hiyo Noah ilimuuma kaka kuliko laki mbili na nusu za Mwenge.

Na hapa ndipo ubishi wa magrupu unapokosea njia. Wanabishania injini na mlio, wakati modi yenye thamani kuliko zote kwenye gari ya spoti ni ya shokapu. Spring na shokapu za kawaida ni uamuzi mmoja: ama ngumu itulie kwenye kona, ama laini ipite kwenye mashimo. Huwezi kupata vyote. Shokapu zinazobadilika zinakupa vyote ndani ya gari moja. Kuna aina ambayo mafuta yake ndani yana chembechembe za chuma, umeme ukipita yanakuwa mazito papo hapo, na shokapu inakaza. Huo siyo ujanja wa kompyuta kukudanganya kwamba gari imekuwa na nguvu. Ni chuma kimebadilika tabia.

Honda walilipitia hili hadharani. Civic Type R ya 2015 ilikuwa na kitufe kimoja cha +R, ukikibonyeza inakaza zaidi, na tayari ilikuwa ngumu. Iliyofuata, ya 2017, ikaja na modi ya Comfort. Yaani gari ya spoti ikaongezewa upole, na watu wakaipenda zaidi kwa hilo. Ferrari nao, kwenye 430 Scuderia ya 2007, waliweka kitufe cha kulainisha shokapu peke yake huku injini na vingine vimebaki kwenye ukali wa mashindano. Hao ni Ferrari, wenye uwanja wao wenyewe wa majaribio Italia, na bado waliona barabara za kawaida zina mashimo. Sasa wewe wa Tabata, Goba na Mbezi Msumi unataka nini zaidi?

Tatizo ni hela, na mauzauza ya gari za mtumba. Shokapu za namna hiyo zikifa bei yake ni kilio, na zinakufa. Wapo wanaopelekwa Gerezani wakafungiwa za kawaida, wakabaki na kitufe kisichofanya kitu na taa ya onyo inayowaka kwenye dashi mpaka gari inauzwa. Kwa hiyo anayeagiza gari ya miaka kumi na tano kwa sababu ya modi za shokapu aulize kwanza bei ya shokapu moja, azidishe kwa nne, ndiyo aamue.

Halafu kuna zile modi ambazo hata kuzitaja ni kupoteza muda. Rangi ya taa za dashi kugeuka nyekundu. Usukani kuwa mzito bila kukupa habari yoyote zaidi ya barabara. Mlio wa injini kupitishwa kwenye spika, kama BMW walivyofanya kwenye M5 iliyotoka 2011. Gari ya farasi 560, halafu unachezewa sauti kwenye spika! Hizo ukikutana nazo zichukue kama zawadi, lakini usiziongezee hata shilingi.

Siku hizi STI ya Tabata inaendeshwa kwenye S, difu imeachwa ijiamulie, VDC haiguswi. Kirungu kimebandikwa kipande cha selotepu, kazi ya mchumba huyo. Shem hajaigusa tena gari, ingawa ameambiwa mara nyingi kwamba hakuna anayemlaumu.

Wiki iliyopita imewekwa sokoni. Kaka hakusema sana, aliweka tu picha kwenye status, na aliyekuwa wa kwanza kupiga simu ni kijana wa Mbeya. Hakuuliza injini imetembea kilomita ngapi wala kama imewahi kugongwa. Aliuliza kama modi zote zinafanya kazi. Kaka akamjibu ukweli, zote zinafanya kazi. Kijana anakuja Jumamosi kuiona. Bei atataja mchumba, na daftari la Kigamboni ameshalitoa kabatini.